Baridi Isiyotoka Kwenye Friji

Agiza soda katika duka lolote la Kayole, Umoja au Kariobangi, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, na kabla mwenye duka hajainuka atakuuliza: "Baridi ama moto?" Moto hapa ni soda iliyoshinda rafuni, yenye joto lilelile la hewa ya mtaa. Ya baridi imelala ndani ya friji, na friji hula tokeni za stima usiku na mchana, wateja waje wasije. Kibanda cha mabati kando ya barabara mara nyingi hakina friji kabisa. Anayeuza juisi hapo hutafuta barafu kwa jirani, au hutumbukiza chupa zake kwenye ndoo ya maji na kuziweka kivulini. Eastlands, baridi ina gharama, na kila mfanyabiashara mdogo anaijua.

Juu ya kaunta hiyohiyo kuna baridi nyingine isiyohitaji stima. Imo ndani ya mtungi wa plastiki: peremende za minti, chingamu za PK, sweeti za kikohozi. Kwa miaka mingi sweeti hizo zimetumika hata kama chenji shilingi moja inapokosekana, na watoto wengi wa mitaa hii walionja minti mara ya kwanza kwa njia hiyo, wametumwa unga au chumvi. Itie mdomoni, kinywa chote kinapoa. Vuta pumzi, hewa inaingia hadi kifuani ikiwa na ukali wa baridi. Kunywa maji ya bomba yaliyokuwa vuguvugu, nayo yanauma meno. Lakini ukichukua kipimajoto ukakiweka chini ya ulimi, hutaona kilichoshuka.

Kinachofanya kazi hiyo kinaitwa mentholi. Mimea ya jamii ya nanaa, ambayo Nairobi wengi wanaiita minti, huitengeneza ndani ya vitezi vidogo vya mafuta vilivyo juu ya majani. Ikisafishwa inabaki fuwele nyeupe zenye harufu ya kupenya, ambazo huyeyuka joto likifika nyuzi 42 hivi. Watu wameitumia kwa karne nyingi bila kujua inavyofanya kazi. Jibu lilikuja mwaka 2002, kutoka maabara mbili za California zilizokuwa zikitafuta kila moja kivyake: ya David Julius mjini San Francisco na ya Ardem Patapoutian upande wa San Diego. Wote walifikia protini moja, ambayo leo inaitwa TRPM8.

Protini hiyo ni mfereji mdogo sana uliopenya ukuta wa seli za neva zinazohisi baridi. Kukiwa na joto la kawaida la mwili, mfereji umefungwa. Joto likishuka chini ya nyuzi 26 hivi, unafunguka, ioni za kalisi na sodiamu zinaingia, na neva inapeleka habari ubongoni kwamba hapa pana baridi. Mentholi hujishikiza kwenye mfereji huo na kuufanya ufunguke hata joto likiwa juu ya kiwango hicho. Neva inatoa taarifa ileile, na ubongo hauna njia ya kuihakiki. Ndiyo maana maji ya kawaida yanauma baada ya peremende: mifereji iliyokwisha kuvutwa nusu inafunguliwa kabisa na ubaridi mdogo ambao siku nyingine usingeuhisi.

Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 1997, kikundi cha Julius kilikuwa kimegundua mfereji ndugu yake, ule unaofunguliwa na joto linalozidi nyuzi 43 na pia na kiini cha pilipili. Kwa hiyo aliyemaliza bhajia za mchuzi wa pilipili pale Kaloleni kisha akatia sweeti ya minti mdomoni amepeleka ubongoni habari mbili zinazopingana, ya moto na ya baridi, na kinywa chake hakijapata moto wala kupoa. Julius na Patapoutian walitunukiwa Nobeli ya tiba mwaka 2021.

Ninasisitiza neno taarifa kwa sababu hoja yangu yote imesimama juu yake. Baridi ya minti ni taarifa inayotumwa kwenye neva zetu, na anayeituma ana sababu zake. Muuza juisi ana yake, mtengenezaji wa dawa ya kupaka ana yake, na kiwanda cha sigara kina yake. Molekyuli haibadiliki. Kinachobadilika ni kile ambacho taarifa hiyo inatusaidia kukihisi, au inatuzuia tusikihisi.

Anza na pua. Miezi ya Juni hadi Agosti Nairobi huwa na mawingu na baridi, na mafua huzunguka mitaani. Mtu mwenye pua iliyoziba hununua sweeti ya mentholi na baada ya dakika moja anasema imefunguka. Profesa Ron Eccles wa Chuo Kikuu cha Cardiff, aliyetumia maisha yake kuchunguza mafua, alipima jambo hili kwa vyombo tangu miaka ya 1980. Hewa iliyopita puani baada ya mentholi ilikuwa kiasi kilekile cha awali. Uvimbe ulikuwa palepale. Wagonjwa, hata hivyo, walisema kwa dhati kwamba wanapumua vizuri zaidi, kwa kuwa tunajua hewa inapita kwa kuhisi ubaridi wake ndani ya pua, na mentholi inaongeza hisia hiyo hasa. Silioni jambo hili kuwa ulaghai. Fundi wa Gikomba aliyeamka saa kumi za usiku na kichwa kizito anahitaji kulala, na akihisi anapumua atalala. Nafuu ya hisia ni nafuu. Anachopaswa kujua tu ni kwamba kifua cha mtoto kinachokwaruza na kuvuta kwa shida hakijatibiwa kwa sababu mtoto anasema anahisi hewa.

Joto la mwili ni habari tofauti. Aliyekwama kwenye matatu Jogoo Road mchana wa Februari anadhani sweeti itampoza. Haitampoza. Kinachotoa joto mwilini ni jasho linapokauka juu ya ngozi. Mentholi ikipakwa kwenye eneo kubwa la ngozi, mwili unaweza kuitikia kama uliopigwa na baridi ya kweli: mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi inabana na joto linazuiliwa ndani. Wazee wanaokunywa chai ya moto yenye tangawizi kwenye hoteli za Eastleigh jua likiwa utosini wana hekima zaidi kuliko wanavyopewa sifa, mradi wakae penye upepo ili jasho walilotoa lipate kukauka.

Sasa tuje kwenye mmea wenyewe, maana hapa pana mkanganyiko. Kando ya dhania na spinachi, mama mboga mara nyingi ana vifungu vya minti. Kuna pia anayeiotesha mwenyewe, kwenye mkebe wa rangi au jerikeni iliyokatwa, pale mlangoni Buruburu au kwenye roshani ya ghorofa ya nne Pipeline. Mmea huu hauna makuu: upe maji na kivuli kidogo, nao utatambaa hadi ujaze chombo chote. Majani yake yanaingia kwenye chai, kwenye kachumbari, kwenye juisi ya tikitimaji au nanasi, na kwenye juisi ya miwa inayokamuliwa kwa mashine pamoja na ndimu na tangawizi.

Chukua jani moja la minti ya aina hiyo utafune, halafu tia mdomoni sweeti ya kikohozi. Tofauti ni kubwa. Jani lina harufu tamu na ubaridi hafifu, sweeti inakata. Sababu ni kwamba minti ya sokoni kwa kawaida ni Mentha spicata, ambayo mafuta yake yametawaliwa na kavoni, na mentholi ndani yake ni kidogo mno. Kavoni ina ajabu yake. Molekyuli yake ina maumbo mawili yanayotofautiana jinsi ndara ya kushoto inavyotofautiana na ya kulia: vipande vilevile, mpangilio uleule, lakini huwezi kuivalisha moja mahali pa nyingine. Umbo moja linanukia minti. Umbo la pili ndilo linalokipa kisibiti harufu yake, kile kiungo cha mikate na achari. Pua yetu inazitofautisha papo hapo. Mentholi nayo ina maumbo ya namna hiyo, na lile linalopoza kwa nguvu ni moja tu, ambalo nanaa hulitengeneza bila kukosea.

Mentholi ya viwandani hutoka kwenye nanaa nyingine, Mentha arvensis, ambayo mafuta yake huwa na mentholi asilimia 70 hadi 80. Kabla ya Vita Vikuu vya Pili, Japani ndiyo iliyoongoza kwa zao hili. Leo sehemu kubwa ya mentholi ya asili duniani inatoka kaskazini mwa India, katika jimbo la Uttar Pradesh, hasa wilaya ya Barabanki. Wakulima wadogo hupanda baada ya mavuno ya majira ya baridi, hukata majani kabla mvua za monsuni hazijashika, na kukeneka mafuta kwa mvuke kwenye mapipa ya chuma yaliyo papo hapo shambani. Mafuta yakipozwa polepole, fuwele za mentholi hujitenga zenyewe. Kuna uwezekano mkubwa kwamba sweeti uliyopewa kama chenji Dandora ilianzia shambani kwa mtu mwenye ekari moja au mbili huko. Viwanda vyetu, kama Kenafric pale Baba Dogo, viko mwendo mfupi kutoka mitaa hii, na maelfu ya watu wa Eastlands hutembea kwa miguu kila asubuhi kwenda kwenye viwanda kama hivyo na vya Industrial Area. Sukari na glukosi huchemshwa hadi maji karibu yote yaishe, na kionjo hutiwa mwishoni rojo ikiwa imepungua joto, la sivyo mentholi ingepaa na mvuke ikaishia kwenye pua za wafanyakazi.

Sehemu nyingine ya mentholi duniani inaundwa kiwandani. Kampuni ya Takasago ya Japani inatumia njia iliyotokana na kazi ya Ryoji Noyori, aliyepata Nobeli ya kemia mwaka 2001 kwa kuonyesha namna ya kuunda umbo moja la molekyuli bila lile pacha lake. Kuna wengine waliotafuta baridi isiyo na harufu ya minti. Katika miaka ya 1970, watafiti wa Wilkinson Sword, kampuni ya Uingereza iliyojulikana kwa nyembe, walijaribu mamia ya kemikali wakitafuta kitu cha kupoza ngozi baada ya kunyoa. Walipata kadhaa zilizobaki na majina ya maabara, kama WS-3 na WS-23, ambazo sasa zimo kwenye chingamu na vinywaji. Mimea nayo haikuishia kwenye nanaa: kampuni ya Firmenich ya Uswisi ilitumia kubeboli, inayopatikana kwenye pilipili ya kubeba kutoka Java. Ukiona kinywaji cha embe kinachopoza koo bila kunukia minti, jibu limo kwenye familia hii. Kwenye lebo utasoma neno moja tu, vionjo, na hapo ndipo ninapoona tunapunjwa. Mnunuzi anaambiwa rangi iliyotumika kwa namba yake, lakini hajui kinachozungumza na neva zake.

Kwa kipimo cha peremende, mentholi haina shida. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa FAO na WHO imeweka kiwango cha hadi miligramu 4 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Mtoto wa kilo 20 ana nafasi ya miligramu 80, na sweeti ya kikohozi kwa kawaida ina miligramu 5 hadi 10. Sukari itamharibia meno kabla mentholi haijamfikia.

Mafuta ya kupaka ndiyo yanayonitia hofu. Hakuna nyumba ya Eastlands isiyo na kikopo kidogo cha Robb au Vicks mahali fulani, juu ya kabati au ndani ya mkoba wa shosho. Ndani yake kuna mentholi, kafuri na mafuta ya mkaratusi. Mkaratusi ni mgeni aliyezoea: uliletwa Kenya mwaka 1902 ili uwe kuni za treni ya reli ya Uganda, na kiini cha mafuta yake, sineoli, hugusa mfereji uleule wa TRPM8, ingawa kwa nguvu ndogo kuliko mentholi. Kujifukiza kwa majani yake ni tiba ya nyumbani kila mahali, na mwaka 2020 wakati wa korona vifungu vya mikaratusi viliuzwa mitaani kama sukuma wiki. Kwa mtu mzima, sawa. Kwa mtoto mchanga, hapana. Mentholi ikipakwa puani au karibu na pua ya mtoto mdogo, taarifa ya baridi inakuwa kali kiasi kwamba koo linaweza kubana ghafla na pumzi kusimama. Vicks VapoRub imeandikwa isitumike kwa mtoto wa chini ya miaka miwili. Kafuri ikimezwa, hata kidogo, inaweza kumletea mtoto degedege. Shosho anapompaka mjukuu puani anafanya kwa mapenzi, na ni kwa sababu ya mapenzi hayo anastahili kuambiwa waziwazi na kwa heshima, kliniki na nyumbani, kwamba kikopo hicho kisimkaribie mtoto kabisa.

Tuna mmea wetu pia katika biashara hii. Ocimum kilimandscharicum, mrihani wa porini wenye kafuri nyingi, hupandwa na wakulima kandokando ya msitu wa Kakamega. Kikundi cha Muliru, kikishirikiana na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970 na chenye makao yake Kasarani, kilianza kukeneka mafuta yake na kutengeneza dawa ya kupaka iitwayo Naturub. Mwaka 2010 Muliru walipata Tuzo ya Ikweta. Mkulima aliyekuwa akiingia msituni kukata miti alipata zao la kuuza bila kuugusa msitu, na ningependa kuona mafuta hayo kwenye maduka mengi zaidi ya Nairobi.

Nimebakisha matumizi mawili ambayo taarifa ya baridi inatumwa ili kuficha jambo. Ukipita jioni kwenye base ya jaba, yaani miraa, Huruma au Mathare, utaona kila mtafunaji ana Big G au PK pamoja na miraa yake, maana miraa ni chungu na hukausha kinywa. Hilo ni la kale na halina siri. La majuzi ni juisi ya jaba: miraa au muguka iliyosagwa, ikachanganywa na ndimu, sukari na minti, ikauzwa ndani ya chupa. Anayetafuna hutumia saa nyingi, na uchungu wenyewe humpunguzia kasi. Anayekunywa humaliza chupa kwa dakika chache. Uchungu uliokuwa breki umeondolewa, na chupa haisemi ina miraa kiasi gani.

Kwenye sigara jambo hili ni la kiwanda tangu mwanzo. Mwaka 1925 Lloyd Hughes wa Ohio, Marekani, alipata hataza ya sigara yenye mentholi. Moshi wa tumbaku unawasha koo, na muwasho huo ni onyo la mwili. Mentholi inatuma taarifa ya baridi juu ya ile ya muwasho, na mvutaji mpya, ambaye angekohoa na kuacha, anavuta ndani zaidi. Kenya tunaijua sigara hiyo kwa herufi mbili, SM, yaani Sweet Menthol, ya BAT, ambayo kiwanda chake kiko Likoni Road, Industrial Area. Sheria ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuuza sigara mojamoja, lakini mojamoja ndivyo zinavyouzwa mitaani, kwenye kaunta ileile ya sweeti, na bei ya moja iko ndani ya uwezo wa kijana wa shule.

Mwaka 2019 vilikuja vifuko vya nikotini vya kuweka kati ya mdomo na ufizi, vikiitwa Lyft, vyenye ladha ya minti miongoni mwa nyingine. Havikuwa na moshi wala harufu ya kumsaliti kijana mbele ya mzazi au mwalimu. Mwaka 2020 waziri wa afya, Mutahi Kagwe, alipinga jinsi vilivyosajiliwa, vikatoweka madukani, kisha mwaka 2022 vikarudi kwa jina la Velo. Mwaka 2024 muswada wa kurekebisha sheria ya tumbaku ulifikishwa katika Seneti, ukizilenga bidhaa mpya za namna hii. Umoja wa Ulaya umepiga marufuku sigara za mentholi tangu Mei 2020. Ethiopia, jirani yetu, ilikataza tumbaku yenye vionjo kwa sheria ya mwaka 2019, na Uganda ilikuwa imetangulia kwa sheria ya 2015. Kenya ilikataza shisha Desemba 2017, pamoja na ile ya minti iliyopendwa sana Eastleigh, lakini mentholi ya sigara ikaachwa. Wabunge wa Embakasi, Makadara, Kamukunji na Mathare, ambao wapiga kura wao wanapita mbele ya kaunta hizo kila siku, wanastahili kuulizwa ni kwa nini.